Wa Kumpokea Mama Mtungi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu juu kidogo ya Garsen, mwanamke mwenye mimba hakuteka maji mtoni. Hakukatazwa kwa amri ya mtu. Ilisemwa tu kwamba mto una mwenyewe, na kwamba mwanamke wa namna hiyo akiinama kuteka huangusha vivuli viwili majini. Mwenye mto akiona viwili hudai kimoja. Mara nyingine alikidai kwa kinywa cha mamba, na mara nyingine polepole, nyumbani, siku ya kujifungua.

Kwa hiyo alipokewa mtungi. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi nikiwauliza wajukuu wa wanawake wale hawajui, na mimi mwenyewe sijui kama vijiji vingine vya mtoni vilifanya kama sisi. Mimba ilipokwisha kuonekana, mama mkwe wa yule mwanamke, au wifi yake, alikwenda mtoni asubuhi wakati wanawake wote wapo, akiuchukua mtungi wa mwenye mimba. Aliujaza mwenyewe, akaupandisha ukingoni mwenyewe, kisha akasema kwa sauti: "Mtungi huu nimeupokea. Ni wa nyumba yetu, na alichobeba mwenye mtungi ni chetu." Wanawake wakajibu, "Tumesikia."

Ilikuwa hivyo tu, lakini tangu neno lile mambo yote yalibadilika. Nyumba hii ilileta maji, nyumba ile kuni. Wanawake wazee waliingia kumtazama macho na miguu, wakamkanda mgongo, wakamwuliza jana amekula nini na amelala vipi. Hakuachwa peke yake mpaka arobaini ya mtoto ipite.

Kabla ya neno lile, hakuna mtu wa nyumba nyingine aliyeweza kuugusa mtungi wake. Kuupokea bila kuwa damu ya mume kulikuwa ni kumwambia mwenye mto kwamba mtoto huyu hana wenyewe, mchukue. Na kwa kuwa kutaja ni nusu ya kupokea, mimba ambayo haijapokewa haikutajwa. Haikutazamwa. Mtu aliizunguka kwa macho kama anavyozunguka shimo njiani.

Mama yangu hakuwa mtu wa mtoni. Alikuwa wa Kipini, na baba alimwoa huko alipokuwa akipeleka ndizi na mpunga kuuza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na wanawake wa kijiji, ambao nyumbani walisema Kipokomo, walimtania sana. "Haya, Mama Saada, leo yuwaja au yuwenda?" walimwuliza akitokea, wakimwita kwa jina langu, naye alicheka nao. Nasisitiza kwamba alicheka nao. Sitaki msomaji adhani kwamba kijiji chetu kilikuwa kibaya.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wachache. Baba alikuwa Mombasa, kuli bandarini, na alikuja nyumbani Idi hadi Idi. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika ugonjwa wake wa mwisho alimwambia binti yake, shangazi yangu Hawaa, aliyekuwa ameposwa Chewele, mbali huko juu kupita Hola, "Ukienda huko, nani atapokea mitungi ya nyumba hii?" Shangazi alimjibu kwamba mto ni mmoja, wa juu na wa chini wanakunywa maji yaleyale, na yeye ataitwa atakuja. Nyanya hakubishana naye. Alisema, "Mto ni mmoja, ndiyo. Lakini siku unapokuwa na haja nao, huwa umejaa." Nilikuwa nimekaa miguuni pake na nilisikia. Sikuyajali maneno yale kuliko mtoto anavyojali maneno ya mgonjwa.

Baba alikuja Idi, akakaa, akarudi kazini. Miezi ikapita, nguo za mama zikaanza kufungwa juu zaidi. Mama aliwapa salamu wapiga pondo waliokuwa wakipandisha mtumbwi kwenda Hola: wamfikishie Hawaa wa Chewele kwamba mtungi wa nyumba ya kaka yake unamngoja. Walisema wamesikia. Kisha tukakaa kungoja.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka siku ambayo wanawake walianza kutokumwona mama, na siipati. Haikuwa siku moja. Utani ulipungua kwanza. Kumwuliza kama yuwaja au yuwenda kungekuwa kumtazama anavyotembea, na anavyotembea ndiko kulikokuwa na habari yote. Kwa hiyo walimsalimu kwa adabu.

"Hujambo, Mama Saada?"

"Sijambo."

"Nyani wamekuacha na mahindi mwaka huu?"

"Wameniachia mabua."

"Afadhali wewe. Sisi hata mabua wamekwenda nayo harusini kwao."

Wakacheka, naye akacheka, na macho yao yote yalikuwa juu ya kichwa chake au ng'ambo ya mto. Asubuhi moja mama aliteleza ukingoni na mtungi uliojaa. Hakuanguka kabisa, alipiga magoti, mtungi ukamwagika kifuani mwake. Bibi Hadija, mzee wa wanawake wa pale mtoni, alisimama hatua chache kutoka kwake na mikono yake miwili ikiwa mitupu. Nilimwona akivikunja vidole. Kisha akaitazama ardhi akasema, kama anayezungumza na udongo, "Mwaka huu ukingo una utelezi." Mama aliinuka, akarudi chini kuteka tena.

Tulipofika nyumbani aliniambia, "Umeona? Hata kunitazama hawataki."

Nilikubaliana naye, maana ndivyo nilivyoona. Ilinichukua miaka kuona jambo jingine ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Jirani yetu, Mama Dado, alikuwa na ulimi mkali na watoto wengi, na hakuwa na sababu ya kwenda mtoni mapema, kwa kuwa binti zake wakubwa walimtekea. Hata hivyo kila asubuhi mama alipotoka, Mama Dado naye alitoka, akatangulia mbele yetu bila kugeuka nyuma, na fimbo mkononi. Alifika majini akayapiga kwa fimbo, kushoto na kulia, akilalamika kwamba amepoteza kata yake ya kutekea humo. Alipiga mpaka mama alipokwisha kuteka. Kisha akaondoka bila kata, akimtukana aliyeiiba. Mimi nilidhani ana kichaa kidogo. Mama, nadhani, alikuwa na maumivu mengi mno kuweza kufikiri juu ya kata ya Mama Dado.

Kumbe inawezekana watu wengi wakajua shida yako na bado ukawa peke yako nayo. Hilo ndilo nililolijua kwanza maishani kuhusu watu, kabla sijajua kusoma. Jioni wanawake walikaa nyuani kwao wakipeta mpunga, na mazungumzo yao tuliyasikia kupitia ua wa makuti. Mama alikaa mlangoni pake, miguu ameinyoosha, akisikiliza. Mara nyingine alijibu swali lililoulizwa ua wa pili, kwa sauti ya chini, kana kwamba ameulizwa yeye.

Mto wetu hujaa kwa mvua za watu wengine. Mbingu ilikuwa kavu kabisa kwetu, vumbi lilikuwa njiani, na bado asubuhi moja tuliamka tukasikia maji yanavuma. Yalikuja mekundu, na magogo, na mara moja mzoga wa mbuzi. Yaliingia mashambani, yakavunja njia ya Garsen, na yakang'oa uzio wa miti tuliokuwa tumeukita majini kuzuia mamba pale pa kuteka. Mitumbwi ya kupanda juu ilisimama, kwa kuwa hakuna pondo ambayo ingefika chini wala mkono ambao ungeshinda mkondo ule. Shangazi, kama alikuwa amezipata salamu, asingeweza kuja.

Ndipo miguu ya mama ilipoanza kuvimba. Nilikuwa ninaijua miguu ya mama, myembamba yenye mifupa, na sasa ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekaa chini ya nguo yake. Uso nao ulijaa. Alisema kichwa kinamgonga, na kwamba anaona vitu kama vimulimuli mchana. Alikula ugali na mchicha, kidogo. Mayai na samaki walikuwa mwiko kwa mwenye mimba, ingawa kwao Kipini alikuwa amelelewa kwa samaki, na harufu ya kambare ikipita kutoka jikoni kwa mtu alifumba macho.

Aliyesema kwanza hakuwa mtu wa kijiji. Alikuwa Mama Barisa, mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa kwenye kibuyu na kuchukua mahindi. Miiko yetu haikumhusu, na mafuriko yalikuwa yamewasukuma watu wake na ng'ombe wao hadi nchi ya juu karibu nasi. Aliingia uani, akatua kibuyu, akamtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni, wazi kabisa, kama mtu anayenunua.

"Wewe mama," alisema, "hii miguu si ya mimba. Hii ni ya ugonjwa."

Upande wa pili wa ua, ungo uliacha kupeta.

"Ni ya kuchoka tu," alisema mama.

"Mimi iko na ng'ombe ilivimba hivi. Ilikuwa na ndama ndani." Alikaa chini akaishika miguu ya mama, akaiweka juu ya paja lake mwenyewe. "Wewe nani anachota maji yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Na hawa wote?" Alinyoosha kidevu kuelekea uani kwa watu. "Macho yao imekufa?"

Mama alianza kulia bila sauti, nami niliona aibu, si kwa kulia kwake bali kwa sababu nilijua majirani wanasikia. Mama Barisa hakumnyamazisha. Aliikanda ile miguu kwa mafuta ya ng'ombe aliyokuwa nayo. Alipoondoka alinivuta sikio, akaniambia, "Wewe msichana, ng'ombe ile ilikufa. Nyie watu wa mto, ongeeni."

Usiku ule siukumbuki. Asubuhi nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, amekishika kichwa, hawezi kusimama. Aliniambia ningoje kidogo, kichwa kitapoa, atakwenda mtoni.

"Mama, shangazi asipokuja?"

"Yuwaja."

"Mto umejaa. Asipokuja, nani mwingine wa kukupokea?"

"Hapana mwingine. Ni watu wa babako."

"Mimi si mtu wa baba?"

Alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini. Alisema, "Wewe ni mtoto, mwanangu. Nenda kakoke moto," akalala.

Sikukoka moto. Nilichukua ngata na mtungi mkubwa, ule wake, si kidebe changu, nikaenda. Nataka niwe mkweli: sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimefanya hesabu ya kitoto na nikaona inakubali. Wa kupokea ni mwanamke wa damu ya baba. Nyanya amekufa, shangazi yuko Chewele, mimi nipo. Nilishangaa kwamba watu wazima hawajaiona.

Wanawake walikuwa wamejipanga kwenye kipande cha ukingo kilichobaki, wakitekea kwa kata zilizofungwa kwenye fito ndefu ili wasiyakaribie maji. Waliponiona na mtungi ule walifungua njia. Nilidhani nitapewa kata ndefu, lakini hakuna aliyenipa, kwa sababu ulikuwa mtungi wa mama. Nilishuka mpaka majini. Nilisikia fimbo ikipiga maji karibu nami, kushoto na kulia, na Mama Dado akilaani wezi wa kata. Niliujaza kwa mikono. Ulipojaa sikuweza kuuinua kichwani, wala kifuani. Nikaukumbatia nikaupandisha kwa magoti, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, maji yakinimwagikia, na pande zote mbili nyayo za watu wazima zimesimama zikiwa zimebana vidole kwenye tope. Nilipofika juu nilisema maneno. Sikufundishwa, kila mtoto aliyekwenda mtoni aliyajua.

"Mtungi huu nimeupokea. Ni wa nyumba yetu, na alichobeba mwenye mtungi ni chetu."

Hakuna aliyejibu "tumesikia".

Mtu mmoja alicheka, na alikuwa mke wa mwalimu wa madrasa, mtu mwenye mzaha. "Haya, leo vifaranga vinaatamia," alisema. Mwingine akasema kwa Kipokomo kwamba kinywa cha mtoto ni chepesi, neno lake linaelea, halimfikii mwenye mto.

Bibi Hadija alinyanyua mkono wakanyamaza. "Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

"Mamako anajua?"

"Amelala. Hawezi kusimama."

Aliposikia hilo alifumba macho kidogo. "Wewe ni binti wa nani?"

Alikuwa amenishika mkononi siku niliyozaliwa, lakini nilielewa kwamba anauliza ili wote wasikie. "Binti wa Komora," nikasema. "Mjukuu wa bibi aliyekufa. Damu yake."

"Na hicho alichobeba mamako ni cha nani?"

Hapo nilielewa, kwa namna ambayo mtoto huelewa bila kuambiwa, kwamba kulikuwa na swali jingine ndani ya lile, swali la mwanamke wa pwani na mume aliye Mombasa, na kwamba huenda lilikuwa limepetwa pamoja na mpunga jioni nyingi. "Ni chetu," nikasema.

"Sikiliza, Saada. Aliyesema na mwenye mto hachezi naye tena. Hutaogelea na wenzako, hutarushiana nao maji. Ukipokea umepokea, mtungi haurudishwi mtoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia basi."

Nikarudia. Mara hii nilikuwa nimeanza kuogopa. Mto ulivuma. Kisha nyuma yangu, kutoka kule chini majini, sauti ya Mama Dado ikasema kwa hasira, kama anayemkaripia mtu, "Tumesikia." Akafuata Bibi Hadija, na wengine wote, hata yule mcheshi.

Sijawahi kusikia kelele kama iliyofuata. Wote walisema kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamebana pumzi chini ya maji. Huyu alijua tangu mahindi yalipokuwa yamechanua. Yule alikuwa ameota ndoto. Mwingine alikuwa amemwekea mama kuni tayari nyuma ya nyumba, zimeliwa na mchwa. "Miguu ile," walisema, "mmeiona miguu ile?" Mama Dado aliunyakua mtungi wangu akauweka kichwani, akanisukuma mbele, akasema, "Tembea, mkwe mtu. Mmeniumiza mgongo kwa fimbo hii siku zote hizi."

Waliingia nyumbani kwetu kama maji. Mama aliinua kichwa akawaona wamejaa mlangoni, wanamtazama tumbo, wote, na akajifunika uso kwa kanga. Bibi Hadija alipiga magoti akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Alilitazama lile shimo mpaka lilipojaa tena, polepole, kisha akasema hana dawa ya jambo hili, na kwamba watu wa hospitali ya misheni, upande wa chini wa mto, wanayo.

Kupanda mto hakukuwezekana, lakini kushuka kuliwezekana kwa mtu asiyejali roho yake. Wakapatikana wanaume wawili wa kushika pondo. Mama alilazwa juu ya mkeka ndani ya mtumbwi, Bibi Hadija akakaa kichwani pake, na mwanamke mwingine miguuni. Mimi sikuchukuliwa. Kabla hawajasukuma, mama aliniita. Nilidhani atanigombeza au atanibusu. Aliuliza tu, "Magoti yako yamefanya nini?" Nikatazama, yalikuwa yanatoka damu. Nikasema si kitu. Mtumbwi ukachukuliwa na mkondo kwa haraka ambayo sikuitarajia.

Alikaa huko mpaka akajifungua. Yaliyotokea nimeyapata kwa Bibi Hadija, aliyeyasimulia mara nyingi. Wauguzi walimlaza kwa ubavu wa kushoto, katika chumba chenye giza, wakakataza kelele. Walimpa mayai na maharagwe, na Bibi Hadija, ambaye hakuweza kuruhusu mwiko uvunjwe mbele yake, kila chakula kilipoletwa aligeukia dirisha akayatazama maji mpaka sahani iwe tupu. "Mimi sikuona kitu," alikuwa akisema, na wasikilizaji walicheka sana hapo. Mtoto alikuja mapema, wa kiume, mdogo kiasi cha kutosha kwenye ungo. Aliishi. Leo yeye ni babu, mnene, na hupenda kunisahihisha ninapoyasimulia haya, ingawa kati yetu sisi wawili ni mimi niliyekuwa macho.

Mto ulipopungua shangazi Hawaa alifika kutoka Chewele, amekonda kwa wasiwasi. Salamu alikuwa amezipata, na alikuwa amekaa ukingoni kwao siku nyingi akiyatazama maji yanayokwenda kwetu. Alipoambiwa mtungi ulipokewa na nani, alisema, "Basi mimi hapa sina neno. Aliyepokea yupo." Siku ya arobaini ya ndugu yangu nilikalishwa kwenye mkeka wa wanawake wazee, nikapewa kahawa chungu kwenye kikombe kama wao, na nikawa wa kwanza kuulizwa kuhusu jina la mtoto. Nilijivuna siku nzima.

Siku zilizofuata nilianza kulipia. Nilipokwenda mtoni wasichana wenzangu walinyamaza wakanipisha. Walikuwa wakirushiana maji. Nilipofika waliacha, wakasubiri kwa heshima niteke niondoke. Hawakunichukia. Mmoja, aliyekuwa rafiki yangu kipenzi, aliniambia mama yake amesema akinirushia maji yatamrudia. Nilimwambia si kweli. Akasema, "Najua," akasogea hatua moja nyuma. Hata kwenye nchi kavu mchezo ulikatika nikitokea. Sikuwa mtu mzima, na wanawake walipochoka na kuniheshimu waliniambia niondoke penye mazungumzo yao. Nikawa na kazi ya kukaa mlangoni petu na miguu nimeinyoosha, nikisikiliza.

Mama aliliona hilo. Alikuwa bado dhaifu, anatembea na ukuta, lakini nyumba yake ilikuwa imejaa watu na maji na kuni, na utani ulikuwa umerudi. Alasiri moja, watu walipokwisha kwenda zao, alimlaza mtoto kivulini, akakaa chini uani kwa taabu, akachimba kishimo kwa kidole, akakusanya vijiwe.

"Saada. Njoo tucheze mdako."

Nilitazama njiani kama kuna anayepita. "Mama, wewe ni mtu mzima."

"Na wewe pia, wamesema. Basi tucheze watu wazima."

Hakuujua vizuri. Mikono yake ilikuwa bado imevimba, na kijiwe alichokirusha kilimpita mara nyingi. Hakuwahi kunishukuru kwa jambo lile la mtoni, wala kuniomba radhi, si siku ile wala baadaye, na niliwahi kumlaumu kwa hilo moyoni. Sasa nina umri kupita aliokuwa nao alipofariki. Nimezaa mara nne, mara zote mbali na mto, katika hospitali ambazo walinipima damu na kunipa vidonge na hawakuniuliza nani ananitekea maji. Ninapofikiri juu ya utoto wangu sioni mamba wala mafuriko. Namwona mama anarusha kijiwe, anakikosa, anakiokota, ananipa zamu. Tulicheza hivyo alasiri nyingi, sisi wawili, mpaka wenzangu nao wakaolewa na jambo lile likawa halina maana tena.